Habari Mbaya Ikiwa Bado Changa

Nahodha mmoja wa Deep Sea, diko la kushushia samaki hapa Tanga, mzee aliyeanza kuvua katika mkondo wa Pemba kabla mimi sijazaliwa, aliniuliza swali lililovuruga kazi yangu ya miezi minne ya kuwahoji wavuvi na wauguzi kuhusu kusema ukweli kazini. Nilikuwa nimeketi juu ya gogo kando ya chombo chake, dodoso mkononi, nikimsomea sentensi moja baada ya nyingine ili aniambie kama anakubali sana, anakubali, hana uhakika, hakubali au hakubali kabisa. Tulipofika kwenye sentensi isemayo kwamba mabaharia wake wako huru kumweleza wanapoona amekosea, alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, ukiniuliza hivyo nitakujibu ndiyo. Na kijana wangu yule ukimuuliza atakujibu ndiyo, kwa sababu mimi nimesimama hapa. Kwa nini usituulize mara ya mwisho ilikuwaje?"

Ninafundisha jioni katika chuo kimoja cha mjini. Wanafunzi wangu huja wakiwa wametoka kazini: wauguzi, makarani wa bandari, watendaji wa kata, wahasibu wa vyama vya akiba na mikopo, walimu wa sekondari, na kila mwaka mmoja au wawili kutoka mashamba ya mkonge, ambao hufika darasani na vumbi jekundu viatuni. Somo langu limeandikwa kwenye mtaala kama vitu vitatu, yaani kufanya kazi kwa pamoja, uongozi, na maadili ya kazi, na kila kimoja kina wiki zake na maswali yake ya mtihani. Kwa miaka kadhaa nilivifundisha hivyo hivyo, kimoja kikiisha nafungua kingine, na sasa naona kwamba niliwapunja wanafunzi wa miaka ile. Ninachoamini leo ni kwamba vitu vile ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande tatu, na kitu chenyewe ni safari ya habari mbaya: inatoka kwa nani, inapita wapi, inafika ikiwa na umri gani, na aliyeibeba anapokewaje.

Lugha yetu ilikuwa imekwisha kulidokeza jambo hili kabla ya vitabu. Shirika, ushirika, mshirika na ushirikiano ni watoto wa mzizi mmoja, na mzizi huo unazungumzia watu kuwa na fungu katika kitu kimoja. Neno maadili nalo limetoka katika Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya haki na usawa, ingawa maofisini tumelifanya liwe jambo la mavazi, kuwahi kazini na lugha ya staha. Mtu mwadilifu, kwa asili ya neno lenyewe, ni yule anayempa kila mmoja haki yake, na haki mojawapo ya mwenzako ni kuambiwa kwamba chombo mlichopanda wote kinavuja.

Lakini lugha pia inaweza kumwadhibu mtafiti asiyekuwa makini, na mimi iliniadhibu. Niliandika "timu" katika dodoso langu la kwanza, na wavuvi wakaanza kunieleza habari za Coastal Union na African Sports, timu zetu za soka. Nikabadilisha nikaandika "kikundi", na wauguzi wakadhani nauliza vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Hatimaye nikaandika tu "watu unaofanya nao kazi kila siku", na maswali yakaanza kueleweka. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la neno "usalama". Kuna istilahi ya kitaaluma inayohusu hali ya mfanyakazi kuona kwamba anaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga wazo bila kudhurika, nami niliitafsiri moja kwa moja kuwa "usalama wa kisaikolojia". Muuguzi mmoja alinijibu kwamba usalama ni mzuri, walinzi wapo getini usiku na mchana. Mwingine aliirudisha karatasi bila kuijaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetumwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika nchi yetu neno usalama lina masikio, na kwamba swali langu kuhusu woga lilikuwa limewatia woga niliowauliza. Siku hizi nasema kwa urefu: "Ukisema ukweli hapa, unabaki salama?" Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake.

Istilahi hiyo imepata umaarufu kupitia kazi ya Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, na historia ya namna alivyoifikia ndiyo ninayoifundisha kwa utulivu kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alishiriki katika utafiti wa makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali za Marekani. Matarajio yake yalikuwa yale ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angekuwa nayo, kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri na kiongozi bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilipokuja zilisema kinyume: wodi zilizoonekana bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Angeweza kuhitimisha kwamba ushirikiano mzuri huwafanya wauguzi wazembee. Badala yake alijiuliza kama kilichopimwa ni makosa yanayofanyika, au ni makosa yanayosemwa. Msaidizi ambaye hakuwa ameonyeshwa matokeo alitumwa kwenda kuzitazama wodi hizo, na maelezo yake yakaonyesha tofauti kubwa: kulikuwa na wodi ambazo muuguzi humweleza mkuu wake kosa mara linapotokea na wote wakalishughulikia, na kulikuwa na wodi ambazo muuguzi huogopa kulaumiwa, akalificha. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1996, na miaka mitatu baadaye akachapisha utafiti wa vikundi 51 vya kazi katika kampuni moja ya kiwanda, ambao ulionyesha kwamba pale watu wanapoweza kusema bila kuumizwa, ndipo wanapojifunza, na wanapojifunza ndipo kazi yao inapokuwa bora.

Ninapolisimulia hili darasani, huwa nawaangalia wauguzi. Wanajua kabla sijamaliza. Mara moja mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka zaidi ya ishirini alisimama akasema kwamba katika wodi moja aliyowahi kufanya kazi, kitabu cha kuandikia makosa kilikuwa safi kama siku kilipoletwa kutoka dukani, na kwamba wageni wa ukaguzi walikisifu. Darasa zima lilinyamaza. Nilifuta ubao na tukatumia saa nzima iliyobaki kuzungumzia kitabu hicho kisicho na doa, kwa sababu hakuna mfano wangu wowote ulioweza kukishinda.

Nilirudi diko, basi, nikaanza upya na swali la mzee. Sikuuliza tena kama mtu anaweza kusema. Niliuliza: mara ya mwisho mtu alipoleta habari mbaya katika chombo hiki, ilikuwa habari gani, aliisema vipi, na baadaye nini kilimpata? Dodoso lililokuwa likinipa ndiyo mia moja likawa sasa linanipa visa. Kijana mmoja alinieleza kwamba aliona maji yakiingia kwa kasi kuliko kawaida chini ya fundo la mlingoti, akamwambia nahodha wake, akajibiwa kwamba kazi yake ni kufua maji na si kuyahesabu. Akashika upo, kile chombo cha kutekea maji, akafua maji usiku kucha, na hakusema tena neno. Walirudi salama. Ila safari iliyofuata aliona wavu umechanika kabla haujatupwa, akanyamaza, na mgawo wa siku ile ukawa mdogo kwa wote, yeye mwenyewe akiwemo. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza kwa jambo ambalo lingemgharimu na yeye. Alishangaa kwamba nauliza. "Si nilishaambiwa," alisema.

Mgawo wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu mtu anayefundisha nadharia za kugawana faida anaweza kuwa anapita kila asubuhi kando ya mfano hai bila kuutazama. Katika vyombo nilivyovifuata, mauzo yakishatolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na watu wa chomboni, na fungu la watu hugawanywa tena baina yao, nahodha akipata zaidi. Kila mmoja anajua hesabu, na kila mmoja anaumia samaki wakikosekana. Kwa nadharia ya kawaida, watu wenye maslahi ya pamoja namna hii wangepaswa kuambizana kila kitu. Kumbe maslahi ya pamoja hayatoshi. Yule kijana alikuwa na fungu katika wavu ule, na bado alinyamaza, kwa kuwa hasara ya samaki iligawanywa kwa watu sita, na hasara ya kukemewa mbele ya wenzake ilikuwa yake peke yake.

Yule mzee aliyenirekebisha, kwa upande wake, alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa nahodha mwingine. Kabla ya kutoka jioni, wakiwa wanatazama wingu na kupima upepo, huanza kumuuliza mdogo kuliko wote anaonaje, kisha anayemfuata kwa umri, na kuendelea mpaka kumfikia yeye. Nilimuuliza alijifunza wapi. Alinijibu kwamba hakujifunza popote. Aliona tu kwamba akianza yeye kusema, hakuna mwingine atakayesema tofauti, na akianza serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, vijana watamfuata serahangi. Profesa anaweza kuandika kurasa thelathini kuhusu shinikizo la kundi na asilifikishe jambo hili kwa uwazi huo. Tangu siku hiyo, mjadala wowote darasani kwangu unaanza kwa mwanafunzi mwenye umri mdogo, na watendaji wa kata wamenizoea.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ninalolisikia kila muhula, na ambalo nalichukulia kwa uzito. Mwanafunzi huniambia: Mwalimu, hayo ni ya Wazungu, sisi tumelelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwamba mtoto haingilii maneno ya wakubwa, kwamba mambo mengine ni ya funika kombe mwanaharamu apite, heshima yetu hairuhusu. Nilikuwa nikijibu pingamizi hili kwa haraka mno. Sasa najibu kwa kuwauliza jinsi mama zao walivyokuwa wakiwaambia baba zao kwamba wamekosea. Majibu huja kama mvua. Alimwambia kupitia shangazi. Alimwambia wakati wa chai, baba akiwa peke yake. Alivaa kanga yenye maneno yake. Alimtuma mjukuu. Alianza kwa kusema, samahani mume wangu, mimi ni mtu wa kuuliza tu. Pwani yetu haina upungufu wa njia za kumfikishia mkubwa ukweli bila kumvunjia uso. Tuna hazina ya njia hizo kuliko mataifa mengi, na wahenga waliosema la mkuu ndio hao hao waliosema mficha maradhi kifo humuumbua. Heshima inaeleza namna ya kusema. Haijawahi kuwa amri ya kutosema, na kiongozi anayeifanya kuwa hivyo anaiba neno la watu ili ajifunike nalo.

Tena woga huu si wa Waswahili peke yao. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, ukungu ukiwa mzito, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, na watu 583 wakafa. Rubani wa KLM alikuwa mmoja wa marubani wakuu wa kampuni yake. Alianza kuondoka bila kibali cha kuruka. Fundi wa ndege aliuliza kama ile nyingine haijatoka kwenye njia. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mle ndani hamkuwa na shikamoo wala marahaba, hamkuwa na Mswahili hata mmoja, na bado sauti ya mdogo ilikatika mbele ya mkubwa. Baada ya ajali hiyo na nyingine, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani kusikiliza na wasaidizi wao kusema. NASA iliitisha warsha kuhusu jambo hilo mwaka 1979, na leo mafunzo hayo ni ya lazima kwa marubani wa mashirika ya abiria sehemu kubwa ya dunia. Ninapenda neno hilo, mafunzo. Maana yake ni kwamba usikivu wa kiongozi unaweza kufundishwa, na mtu hazaliwi nao wala hanyimwi nao kwa sababu ya kabila.

Kila muhula nawapeleka wanafunzi Raskazone siku ya Jumamosi asubuhi. Watu wa Tanga tunaijua hadithi ya vita vya nyuki, na wengi tumeisikia kama hadithi ya nyuki tu. Mwanzoni mwa Novemba 1914, kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, kilishuka pwani hii kuuteka mji uliokuwa na walinzi wa jeshi la Wajerumani wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari Fox alikuja kudai mji usalimishwe, na hivyo akawapa walinzi muda wa kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Askari walioshuka walikuwa wamekaa baharini kwa wiki kadhaa, na vikosi vyao vingi havikuwahi kufanya kazi pamoja. Jenerali Aitken, aliyewaongoza, alipewa nafasi ya kusaidiwa na askari wa King's African Rifles, ambao walikuwa na uzoefu wa vita vya nchi hizi, akaikataa. Hakutuma wapelelezi wa kutosha. Nyuki walivamia katikati ya mapigano na kuuma pande zote mbili, lakini walioshindwa walikuwa wamekwisha kushindwa kabla nyuki hawajatoka mizingani. Tarehe 5 Novemba waliondoka, wakaacha bunduki, bombomu na risasi nyingi ufukweni.

Tukiwa pale, tunatazama bahari, nawauliza wanafunzi: nani katika meli zile alijua kwamba mambo hayaendi, na angemwambia nani? Hatuna jibu la uhakika, na silitafuti. Ninachotaka waone ni kwamba Aitken alikuwa na watu wengi mara nane, na wingi huo haukumsaidia kitu, kwa sababu watu wengi wasiojuana na wasiosikilizwa si kikosi. Richard Hackman, mtafiti wa Harvard aliyetumia maisha yake kuchunguza vikundi kuanzia wahudumu wa ndege hadi wanamuziki, alisisitiza jambo lilelile: kikundi kinahitaji watu wanaojulikana ni akina nani, walio pamoja kwa muda wa kutosha, wenye lengo linaloeleweka. Maofisini kwetu tunaunda kamati Jumatatu, tunabadilisha wajumbe Jumatano, na mwisho wa mwezi tunaandika kwamba watumishi hawana ari.

Kuhusu ari kuna jaribio la zamani linalopendwa sana na wahadhiri, la Mfaransa Maximilien Ringelmann, aliyepima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1913: watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu ambazo angetoa akiwa peke yake. Wengi hulifundisha kama ushahidi wa uvivu. Mimi nililitazama tena baada ya kuona ngalawa zikipandishwa mchangani. Mmoja huitisha, wengine huitikia, na wanavuta kwenye pumzi moja. Sehemu ya nguvu iliyopotea kwa Ringelmann ilipotea kwa sababu watu hawakuvuta kwa wakati mmoja, na babu zetu walikuwa na dawa ya sehemu hiyo ambayo ni wimbo. Sitalikuza zaidi ya hapo.

Nimefika kwenye jambo ambalo nimelikwepa kwa aya kadhaa. Kabla ya kuwa mwalimu nilikuwa karani katika ofisi ambayo sitaitaja. Kulikuwa na semina iliyopangiwa siku tatu, ikafanyika siku moja, na tuliletewa karatasi ya posho ya siku tatu tusaini. Kaka mmoja tuliyekuwa naye chumba kimoja alisema kwa adabu kabisa kwamba yeye atasaini siku moja aliyohudhuria. Hakuna aliyegombana naye. Hakuna aliyempandishia sauti. Mwezi uliofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya safari, na kabla ya mwaka kwisha alipata barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali, na familia yake ikabaki mjini. Barua haikutaja adhabu. Sisi tuliobaki hatukuhitaji itaje. Semina iliyofuata karatasi ilipopita, nilisaini siku tatu kama wote, na fedha ile nikampelekea mama, naye akaniombea dua. Nimefundisha maadili kwa miaka mingi tangu hapo, na kila ninapofika kwenye mada ya matumizi ya fedha za umma, ile dua hunirudia masikioni.

Nalieleza kwa sababu linaonyesha kitu ambacho orodha za kanuni haziwezi kukionyesha. Ofisini kwetu pale kanuni zilikuwepo, zimebandikwa ukutani. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na historia ndefu, tangu miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hadi Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, ufahari, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliisoma ibara hiyo wakaiamini, wakawakatalia mameneja waliowadharau. Kisha serikali ikaona wamevuka mpaka, ikakaza mkono. Maneno ya ibara hayakubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho watu waliona kikiwapata waliosema, na watu husoma hicho kabla ya kusoma ukuta.

Kwa hiyo katika wiki za maadili sianzi tena na kanuni. Naanza na majaribio ya Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, aliyoyaanza mwaka 1961, ambapo watu wa kawaida waliamriwa na mtafiti kumpiga mtu mwingine kwa umeme kila anapokosea jibu. Umeme haukuwa wa kweli, ila wao hawakujua. Watu 26 kati ya 40 walifika mpaka mwisho wa mashine. Takwimu hii inajulikana, na kwa kawaida mwalimu huishia hapo, na wanafunzi huondoka wakiwa wameinamisha vichwa. Lakini Milgram alifanya majaribio mengine mengi, na katika mojawapo aliweka watu wawili wa kukaa na mshiriki, ambao katikati ya kazi walikataa kuendelea, mmoja kwanza, kisha wa pili. Hapo waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Mashine ilikuwa ile ile, mtafiti mwenye mamlaka alikuwa yupo, amri hazikubadilika. Kilichoongezeka ni wenzao wawili waliosema hapana. Nikifikiria ile karatasi ya posho, najua kwamba kaka yule alikuwa mmoja, na kwamba mimi ningeweza kuwa wa pili.

Utafiti nao una maadili yake, na diko ni mahali padogo. Ukiandika kwamba nahodha fulani mzee wa chombo cha rangi fulani alimkemea kijana fulani kuhusu maji, jioni ile ile kila mtu sokoni anajua ni nani. Ndiyo maana nimebadilisha baadhi ya mambo katika visa nilivyovieleza, na kabla ya kuandika chochote nilirudi nikawasomea wahusika kile nitakachosema. Kijana wa upo alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niondoe jambo moja, nami nimeliondoa. Mzee aliniuliza kama darasani kwangu kuna anayeniambia ninapokosea. Nilimweleza kuhusu utaratibu wa kuanza na mdogo. Akasema hilo ni la kuuliza, yeye anataka kujua la kujibiwa: mara ya mwisho ilikuwaje? Nilitafuta kisa, na nikapata kimoja tu, cha muhula uliopita, mwanafunzi aliponionyesha kwamba nilijumlisha vibaya alama za watu watano. Nilimshukuru mbele ya wote. Mzee akaitikia kwa kichwa, ila nilijua kwamba kisa kimoja kwa muhula mzima ni kichache mno.

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi, dada mmoja anayetunza stoo alibaki nyuma mpaka wote wakatoka. Alikuwa ameletewa hati ya kupokea mifuko 200 ya saruji ili asaini, na ilikuwa imeshushwa 160. Ameambiwa iliyobaki itakuja. Aliniuliza afanye nini, na nilihisi uzito wa swali hilo, kwa kuwa ni rahisi sana kwa mwalimu kumpa mtu mwingine ujasiri ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Sikumwambia akatae. Nilimwambia aandike alichokiona, kwa tarehe na saa, siku ile ile kabla kumbukumbu haijapoa. Nilimweleza kwamba kuna sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa na mashahidi, na kwamba ofisi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea watu bila kuwataka waje na ushahidi kamili. Kisha nikamuuliza nani mwingine aliyekuwepo wakati lori linashushwa. Akafikiri, akamtaja mlinzi, halafu akasita, akamtaja karani wa manunuzi, ambaye naye ni mwanafunzi wangu na hukaa mstari wa nyuma karibu na dirisha. Nikamwambia azungumze naye kwanza, wakiwa wawili, mahali pa utulivu, na kwamba kwa bosi waanze kwa kuuliza: samahani mkuu, tumehesabu 160, tuandike hivyo au tusubiri mzigo uliobaki ndipo tusaini?

Walikwenda Jumanne. Sijui bado itaishaje, na sijawauliza mbele za watu. Ila hati waliiandika 160, na tangu wiki ile karani amehama mstari wa nyuma. Jioni wanaingia pamoja na wanakaa dawati moja.